Madebe ya Mjomba Randu

Sehemu ya Kumi na Moja

Wenye gazeti la Jumamosi iliyopita mnakumbuka tulipokatikia. Mwanasha amesimama mbele ya kamati ya karo pale Kwale, ametoka kusema kwa sauti ya kufika hadi uwanjani kwamba kaka yake, Randu, si mzazi wa mtoto wake. Na mlangoni, bakora mkononi, koti jeusi juu ya kanzu, amesimama Randu mwenyewe.

Randu hakuondoka. Angeondoka, hadithi hii ingekwisha leo na mhariri angetafuta mtu mwingine.

"Salaam aleikum," alisema.

"Aleikum salaam," iliitika kamati nzima, hata mwenyekiti Bwana Menza, ambaye ni mtu wa kanisa na wa ng'ombe wa huko Taru.

Kwa yule aliyeazima gazeti kwa jirani na hajui lolote, mambo ni haya. Mbeyu binti Matano, mtoto wa Mwanasha, miaka kumi na minne, amefaulu mtihani wa darasa la saba na ameitwa shule ya sekondari ya wasichana, ya bweni, mbali huko bara. Kijijini kwao Mwamtsola hajatokea msichana mwingine aliyeitwa popote isipokuwa jikoni. Kwao hawana kitu. Lakini Uhuru umeingia mwaka wa tatu, na baraza limetenga karo ya watoto kumi wa maskini. Tisa wamekwisha kupatikana. Nafasi imebaki moja, na fomu mezani zimebaki mbili: ya Mbeyu, na ya mvulana mmoja wa Vanga ambaye mle ndani hakuna aliyemjua ila Mzee Shutu, mjumbe wa kamati na mwenye duka pale Msambweni.

Sasa, kwenye fomu ya Mbeyu, palipoulizwa mwenye mtoto ni nani, pameandikwa kwa hati nzuri ya Mwalimu Chome: Randu, mwenye duka, Msambweni.

Karani wa kamati, kijana aitwaye Kitsao, alikuwa amevaa tai na soksi ndefu, na fomu ile ilikuwa imemkosesha raha tangu asubuhi.

"Bi Mwanasha, nakuuliza tena. Mume unaye?"

"Ninaye. Huyo hapo."

Watu waligeuka kutazama benchi la pembeni. Matano alinyanyuka kidogo, akaketi tena. Kazi yake ni kuchoma chokaa, na mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni ingawa aliisugua kwa sabuni tangu alfajiri kwa heshima ya serikali.

"Huyu ndiye baba wa Mbeyu?"

"Ndiye."

"Basi mbona hukumwandikisha yeye?"

Mwanasha alimtazama karani kama mtu aliyeulizwa mbona havai viatu kichwani.

"Bwana karani, mtoto ana mjomba. Baba ningemwandikisha wapi?"

Kitsao ni Mgiriama wa upande wa Kilifi, na kwao mtoto ni wa baba yake tangu utosini hadi unyayoni. Aliweka kalamu chini taratibu.

"Bwana Matano, wewe wasemaje?"

"Mimi ni baba tu," alisema Matano.

Mzee Shutu alikohoa, akavuta tasbihi yake. "Wewe kijana ni mgeni, si kosa lako. Kwetu sisi Wadigo mtoto ni wa kuukeni. Mjomba ndiye mwenye mtoto, yeye ndiye humwoza, naye huulizwa mtoto akiharibu. Na mjomba wa mtoto huyu ana duka. Mwenye duka si maskini. Tumwandike yule wa Vanga, tufunge faili, tukale."

"Kula kupo," alisema Menza, ambaye husema polepole kana kwamba kila neno analichunga. "Aulizwe mwenyewe. Bwana Randu, mtoto huyu ni wako?"

"Na ajue anachojibu," aliongeza Kitsao. "Akisema si wake, nakata jina lake, naandika la baba, na mtoto anapata nafasi. Akisema ni wake, hapati."

Swali lilikuwa jepesi namna hiyo.

Mwanasha alihisi masikio yakiwaka. Kwetu mtu atauza shamba na watu watasema maskini, shida. Atakosa kwenda mazikoni na watasema labda mgonjwa. Lakini mjomba kumkana mpwa wake mbele ya watu! Hilo hata ulevini halisemwi. Na yeye Mwanasha ndiye aliyemsukuma ndugu yake mpaka hapo, kwa mdomo wake mwenyewe.

Hata hivyo hakumwonea huruma sana. Miezi miwili nyuma alikwenda dukani kwake na barua ya shule mkononi. "Kaka, Mbeyu kafaulu. Wataka blanketi, wataka sahani, wataka daftari." Randu alikuwa akipangusa debe la samli kwa kitambaa. Alilipangusa likang'aa, akalirudisha rafuni kati ya wenzake, akasema, "Tutaona." Rafu tatu za madebe, zimepanda hadi makutini, na mtu akasema tutaona! Mwanasha alirudi Mwamtsola akilia njia nzima, akaapa mguu wake hautakanyaga tena duka lile.

Sasa alimtazama miguu. Vumbi jekundu hadi magotini. Mwenye duka amepanda kilima kizima cha Kwale kwa miguu kutoka Kombani ili asitoe nauli.

Ubahili umemfikisha huku, alijiambia Mwanasha.

Randu alishika bakora kwa mikono miwili.

"Si wangu," alisema. "Mtoto ana baba'ke. Mwandikeni baba'ke. Mimi si mjomba wa mtu."

Tasbihi ya Mzee Shutu ilianguka chini na hakuna aliyeinama kuiokota. Mwanasha alikuwa amepata alichokitaka, na kilimuuma hivi kwamba alishika ukingo wa meza.

"Vyema," alisema Kitsao, akachukua kalamu. "Sheria yataka mwanafunzi aonekane kwanza. Aingie."

Mbeyu alikuwa barazani tangu saa mbili, hajui linalosemwa ndani. Mama yake alikuwa amemwachia maagizo matatu: asiegemee ukuta, asijikune, na akiitwa asalimu watu wote.

Basi aliingia akasalimu watu wote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," alisema Menza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," alisema Mzee Shutu, akitafuta tasbihi yake kwa mguu.

"Shikamoo bwana karani."

Kitsao ana miaka ishirini na sita na hajaoa. Aliitika kwa sauti ndogo, akaweka tai yake sawa.

Mbeyu alimwamkia baba yake, ndipo alipogeuka, akamwona aliyekuwa mlangoni. Uso ulimkunjuka. Hakujua kama mjomba wake naye angekuja hadi Kwale kwa ajili yake. Alikwenda mbio, akapiga goti, akamshika mkono.

"Shikamoo mjomba."

Hapo wote walimgeukia Randu.

Msomaji, wewe unajua na mimi najua: shikamoo ya mtoto haiachwi chini. Watu waliogombana miaka saba kwa mpaka wa shamba huitikia shikamoo za watoto wao. Randu alihitaji kukaa kimya kitambo kidogo tu, atazame dirishani, na mpwa wake angesoma hadi achoke. Alitazama dirishani. Alijitahidi kweli.

"Marahaba, mwanangu," alisema Randu. "Marahaba, mama."

Mzee Shutu alicheka kwa pua. "Kamati imesikia."

Kitsao aliweka kalamu chini kwa mara ya pili asubuhi ile. "Bwana Randu, umeidanganya kamati."

"Nimeidanganya."

"Mtoto ni wako."

"Ni wa dada yangu tumbo moja. Awe wa nani?"

"Na duka?"

Randu alitazama ncha ya bakora yake. Alipolisema, alilisema kwa sauti ya mtu anayeungama wizi.

"Duka ni jina tu, bwana karani. Ndani hamna kitu."

"Astaghfirullahi!" alipiga kelele Mwanasha kabla hajajizuia. "Kaka, hata haya huna! Madebe yale yote je?"

Mdomo huponza kichwa. Neno lilipokwisha kutoka ndipo Mwanasha alipolisikia, na halikuwa na njia ya kurudi.

"Haya," alisema Mzee Shutu, akanyoosha mkono kuchukua fomu ya Vanga. "Dada mtu ndiye shahidi. Mwataka nini tena?"

Mwanasha alitamani sakafu ya serikali ipasuke. Mbeyu alimtazama mama, akamtazama mjomba, na hakuna aliyemweleza.

Ila Bwana Menza hakutia saini. Alikuwa akifikiri, na akifikiri hakimbizwi.

"Mimi nikiambiwa ng'ombe amekufa," alisema, "huenda nikamtazama."

Kwa hivyo iliamuliwa hivi. Kitsao achukue Landrova ya baraza na bahasha yenye orodha ya majina, tisa yakiwa yameandikwa kwa taipu na mstari wa kumi mtupu. Atazame duka. Likiwa tupu, aandike Mbeyu. Likiwa na kitu, aandike yule wa Vanga. Kisha bahasha ipande basi la posta linalotoka Msambweni saa tisa. Ikilikosa basi, nafasi ya kumi imepotea kwa wote wawili.

"Nami nitakwenda," alisema Mzee Shutu. "Nishuhudie. Huyu ni jirani yangu."

Njia ya kutoka Kwale hadi Msambweni mnaijua, sitawachosha nayo. Waliingia garini wote, Randu, Mwanasha, Matano na Mbeyu, pamoja na Kitsao na Mzee Shutu, nao wakapita Ukunda.

"Mjomba," alisema Mbeyu kwa sauti ndogo, "nimefanya kosa?"

"La. Umesalimu."

Walifika saa nane. Juu ya mlango wa duka pana ubao wa rangi ya kijani uliosomeka RANDU NA WAPWAZE. Randu aliufungua mlango kwa ufunguo mkubwa uliofaa zaidi mlango wa gereza. Landrova ya baraza haisimami Msambweni bila watu kutaka kujua nani amekamatwa, kwa hivyo kufikia pale macho yalipozoea kiza, mlangoni tayari palikuwa na wanawake sita na muuza samaki.

Madebe yalikuwa yamepangwa rafu juu ya rafu, picha za ng'ombe zikitazama mbele, yote yameng'arishwa. Kitsao aliyatazama kwa heshima.

"Shusha," alisema.

Randu alipanda kigoda. La kwanza alilishusha kwa kidole kimoja.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hayo ya Randu yalikuwa yamefunzwa adabu, kwani miaka miwili yalikaa kimya mbele ya wateja. Siku ile yalivuma. La samli liliwekwa juu ya kaunta, likalia. La biskuti likalia. La mafuta likalia, na lilikuwa na kutu ndani. Randu alipanda na kushuka, kushuka na kupanda, koti lake jeusi likigeuka jeupe kwa vumbi la rafu, na hakumtazama mtu.

"Kumbe ndiyo sababu," alisema mwanamke mmoja mlangoni. "Nilimwomba samli ya harusi, akaniambia hiyo ina mwenyewe."

"Mimi aliniambia biskuti zangoja watu wa Mombasa."

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema muuza samaki, akatikisa kichwa.

Vilivyokuwamo dukani humo, ukiacha hewa, ni chumvi, viberiti na dawa ya nzi. Barabara ilipohamishwa ikapita upande wa pili, kwenye duka la Mzee Shutu, wateja waliifuata, na Randu alibaki na ubao.

Mwanasha alisahau kwamba aliapa kutokanyaga pale. Alikuwa katikati ya duka.

"Kaka. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini?" Randu alisema akiwa juu ya kigoda, uso ameuelekeza ukutani. "Wapwa wangu ni saba. Wasichana wanne. Watu wakija kuposa huuliza mjomba wao nani, wanaambiwa yule mwenye duka. Ningeanza kutangaza mjomba wao hana hata samli ya kukaangia yai?"

Miezi miwili Mwanasha alikuwa akimwapiza kila akiwasha moto.

Kitsao alikuwa mtu wa haki, na alikuwa ameridhika. Alitoa bahasha, akatoa kalamu. "Duka ni tupu. Naandika."

"Bado lile," alisema Mzee Shutu.

Juu kabisa, pembeni, palikuwa na debe moja lililobaki.

"Hilo liacheni," alisema Randu upesi.

Alilisema upesi mno. Hata wale wa mlangoni walilisikia na kusogea ndani.

"Lishushe, Bwana Randu," alisema Kitsao.

Randu alilishusha kwa mikono miwili. Alipoliweka juu ya kaunta halikulia. Lilikaa kwa kishindo kizito.

Kitsao alimpa Mzee Shutu bahasha amshikie, akachukua kisu, akang'oa kifuniko.

Kwanza lilitoka blanketi la kijivu lenye mistari myekundu. Chini yake taulo. Chini ya taulo miche miwili ya sabuni, sahani ya bati yenye maua, kikombe chake, kijiko. Sindano na uzi. Madaftari sita yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Kalamu ya wino, ikiwa bado kwenye karatasi yake.

Karani alitoa kwenye faili barua ya shule, ile yenye orodha ya vifaa vya mwanafunzi, akailinganisha. Vyote vilikuwamo, tena vimepangwa kama vilivyoandikwa, cha mwisho chini na cha kwanza juu.

"Sanduku halimo," alisema Kitsao, kwa sababu orodha ilitaja sanduku.

"Sanduku ni hilo debe lenyewe," alisema Randu. "Nilikuwa nitie kufuli."

Mwanasha aliketi juu ya gunia la chumvi, akalia mbele ya watu wote bila kujifunika. Mbeyu alichukua sahani, akaigeuza, akaitazama maua yake, akaikumbatia kifuani.

Hata muuza samaki aliangalia pembeni. Lakini karani ni karani, na fomu ni fomu.

"Kumbe ana uwezo," alisema Kitsao. Alilisema kwa huzuni, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Fomu yauliza kama mwenye mtoto aweza kumnunulia vifaa. Vifaa ndivyo hivi. Vipya. Bwana Randu, mimi siwezi kuandika nisichokiona, wala kuacha nilichokiona."

Alianza kufunga kalamu.

Mwanasha alifuta macho kwa ncha ya leso. Alipoyafungua, yalitua juu ya kaunta, kati ya madebe. Kaunta nzima ilikuwa na vumbi la miaka miwili isipokuwa mahali pamoja, mraba safi, mbao zake zikiwa na rangi yake ya zamani. Miezi miwili nyuma pale palikuwa na kitu. Alikumbuka mwanamke akipimiwa chumvi, na kaka yake akingoja sindano itulie.

"Bwana karani," alisema. "Muulize mizani iko wapi."

"Mwanasha, nyamaza," alisema Randu.

"Sinyamazi! Leo nimesema la kuharibu, niache niseme la kutengeneza. Mizani iko wapi?"

Kitsao aliutazama mraba ule. Mgiriama yule hakujua mambo ya wajomba, lakini alijua maduka. Mwenye duka bila mizani hawezi kuuza hata kibaba cha sukari. Ni sawa na mvuvi aliyeuza mtumbwi.

"Umeiuza?"

Randu alishuka kigodani. Alionekana mfupi kuliko asubuhi.

"Nimeiuza. Na baiskeli kabla yake."

Mwanasha alikumbuka vumbi la magotini, na moyo ulimgeuka. Kutoka Msambweni hadi Kwale, yote ile, kwa miguu. Lazima alitoka jana.

"Ndipo ukanunua hivi?" aliuliza Kitsao.

"Sasa ningenunua kwa nini? Kwa dawa ya nzi?"

Kitsao alifungua tena kalamu. "Basi huyu si mwenye duka. Huyu ameuza duka amnunulie mtoto sahani. Hilo naliona na hilo nitaliandika. Ila niambie jina la aliyeinunua mizani, niwe na shahidi."

"Mnunuzi ni mnunuzi," alisema Randu. "Nilimwomba asinitangaze, nami simtangazi."

Ni Mbeyu aliyejibu. Msichana anayefaulu mtihani huwa anatazama vitu.

"Iko kwa Mzee Shutu," alisema. "Nimeiona juzi nilipotumwa sukari. Sinia yake imebonyea pale nilipoiangusha nikiwa mdogo. Nilidhani mjomba amemwazima."

Watu waliguna.

Basi Mzee Shutu alijua! Alikaa Kwale asubuhi nzima akivuta tasbihi, akisema mwenye duka si maskini, na mizani ya duka hilo iko juu ya kaunta yake mwenyewe. Alijua madebe ni matupu. Alijua hata kabla ya dada mtu kujua. Na mvulana wa Vanga, ambaye hakuna aliyemjua ila yeye, alikuwa mpwa wa nani?

"Mzee Shutu," alisema Kitsao, akageuka. "Nipe bahasha."

Pale aliposimama Mzee Shutu palikuwa na muuza samaki.

"Katoka," alisema muuza samaki. "Lilipofunguliwa debe. Nilidhani anakwenda kuswali."

Honi ya basi la posta ililia upande wa pili, kwenye barabara mpya.

Walisukumana mlangoni wote kwa pamoja, karani, wanawake sita na Mwanasha, hata mlango ukawakataa. Mwanasha aliona juu ya bega la mtu. Basi lilikuwa limekwisha kuondoka kituoni, linakuja, linashika mwendo. Mzee Shutu alikuwa ameketi nyuma ya dereva, bahasha imefunguliwa juu ya goti, anatafuta kalamu katika mfuko wa koti. Hakuwa na haraka. Kutoka hapo hadi Mombasa ni safari ndefu, na mstari wa kumi ni mmoja tu.

"Simamisha!" alipiga kelele Kitsao. "Serikali!"

Basi halikusikia serikali.

Ndipo Mwanasha alipoona kwamba kuna mtu aliyetangulia kutoka. Mtu huyu alikuwa amesimama karibu na mlango wakati wote kwa sababu hakuna aliyempa pa kukaa. Tangu asubuhi alikuwa ameulizwa swali moja, akalijibu kwa maneno manne, na kamati haikumhitaji tena. Aliiona bahasha ikitoka, akaifuata, bila kumwuliza mtu kama ni haki yake kuifuata.

Matano alikuwa katikati ya barabara. Alikuwa amenyoosha mikono yake miwili, ile mikono myeupe ya chokaa, na amelitazama basi usoni.

Mwanasha katika miaka kumi na sita ya ndoa amemwita mumewe kwa jina lake, na akikasirika kwa jina la baba yake. Siku ile lilimtoka jina jingine.

"Baba Mbeyu!" alilia. "Ondoka! Baba Mbeyu!"

Matano alilisikia. Alitabasamu kidogo, wala hakusogea.

Dereva alimwona, akakanyaga breki kwa miguu miwili. Na breki za basi lile, watu wa Msambweni mnazijua: hushika zikipenda.